Picha ya Urefu wa Fatiha

Juzi kijana mmoja wa Soweto, kijiji cha hapa hapa Kibra, alinikuta nimekaa nje ya mlango wangu hapa Makina, akachuchumaa mbele yangu na kunielekezea simu usoni.

"Niaje mzee. Nimeskia we ndo ulikuwa unapiga picha za huku kitambo. Hebu nikupige moja."

Kabla sijapata hata kujiweka sawa alikuwa ameshapiga, na si moja, ilikuwa tatatata kama mvua ya mawe kwenye mabati. Nikamuuliza zimetokaje. Akasema ataziangalia baadaye. Nilicheka mpaka meno yangu ya bandia yakataka kuniaga.

"Na yenu ilikuwa inapiga ngapi?" akaniuliza.

"Moja."

"Moja alafu?"

"Alafu unarudi nyumbani."

"Zii, mzee, hiyo ni mateso."

Haikuwa mateso, vijana wangu. Ilikuwa raha ambayo sijapata nyingine mfano wake, na tangu siku ile najiuliza nitawaelezaje. Nitawaeleza kwa picha moja tu, ile ya bonde la mto huu wetu kabla halijafunikwa na maji. Niliipiga kwa ajili ya mama mmoja aliyeogopa kwamba mtoto wake atapotea mara ya pili.

Kwanza lazima mkubali kwamba kulikuwa na bonde. Najua ni vigumu. Mnashuka leo mnakuta mabati, matope, na magugu ya majini yaliyoota mpaka mbuzi akadhani ni malisho. Wakati wa ujana wangu, enzi za mkoloni, ungesimama huku juu ukaona mahindi, ng'ombe, miti ya asili iliyosalia ya ule msitu ambao babu zetu askari Wasudani waliukuta walipopewa kukaa hapa, na chini kabisa mto mwembamba wa maji ya kunywa. Ndiyo, ya kunywa. Msinikodolee macho. Nyuma ya yote hayo, upande jua linakozama, ilikaa milima ya Ngong na vilele vyake vilivyopangana kama vifundo vya ngumi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Rihani. Zamani alikuwa mpagazi wa Mzungu mmoja mpima ardhi, akimbebea kamera kubwa ya mbao yenye miguu mitatu. Mzungu alipochoka na nchi akaondoka, kamera ikabaki kwa Rihani, naye akafungua kijichumba cha picha karibu na msikiti. Mimi nilikuwa tayari mtu mzima mwenye mke nilipojiunga naye. Watu walikuja kupigwa Idi na harusi, wamesimama wima kama wameitwa kortini. Hizo ndizo zilizotulisha. Lakini alfajiri ambayo hatukuwa na mteja, mzee alikuwa ananiambia, "Yusufu, twende tukalitazame bonde," nasi tunabeba mzigo tunashuka.

Kamera ile ilipiga kwenye kioo kilichopakwa dawa, kioo kimoja picha moja. Nyuma yake kulikuwa na kioo kingine chenye ukungu, ndicho unachotazamia ukiwa umejifunika shuka jeusi kichwani. Na humo ndani, vijana wangu, dunia ilikuwa juu chini. Mto ulipita juu, ng'ombe walining'inia kwa miguu, na mbingu ililala chini kama mkeka. Mara ya kwanza nilitoka kwenye shuka nikiwa na kizunguzungu, nikamwambia mzee kamera imeharibika.

"Haijaharibika," akasema. "Ukiona kitu kimesimama sawa, wewe unaona ile unaijua. Kikipinduka ndo unaanza kuangalia."

Nilikuja kumwelewa polepole. Bonde nililolichungulia tangu utotoni, nilipoliona limepinduka, niligundua kwamba mto haukuwa umenyooka kama nilivyodhani, ulikuwa unakwepa kitu. Nikashuka kwenda kuona unakwepa nini. Ulikuwa mwamba mmoja mpana, nusu umezikwa kwenye udongo. Basi jaribuni siku moja kuipindua simu yenu mtazame picha kichwa chini kabla hamjaisifu, mtashangaa ni mangapi hayakai vizuri.

Sasa tatizo la bonde lenyewe. Milima ya Ngong huonekana vizuri asubuhi tu, jua likiwa changa linaipiga usoni. Ikifika saa tatu, mawingu yameshaikalia. Lakini asubuhi hiyohiyo, kule chini mtoni bado kuna kivuli kizito, kwa sababu jua halijauvuka mgongo wa huku. Ukipiga kwa ajili ya milima, bonde linatoka jeusi ti. Ukipiga kwa ajili ya bonde, mbingu na milima vinaungua vyote vinakuwa vyeupe. Wapiga picha wangapi nimewaona wakikata tamaa hapo wakarudi kupiga maharusi!

Mzee Rihani aliyamaliza hayo kwa kofia. Kofia hii hii ya kuswalia. Alikuwa anafungua kifuniko cha lenzi, kisha anaishika kofia mbele yake kidogo, akiitikisatikisa taratibu ili isiache alama, akiziba sehemu ya mbingu tu. Bonde linakunywa mwanga huku mbingu ikisubiri. Halafu anaondoa kofia, vyote viwili vinakunywa pamoja, kisha anafunika. Na saa je? Hatukuwa na saa ya kuaminika. Mzee alipima kwa Fatiha, ile sura fupi inayofungua Kurani. Anafungua lenzi kwa Bismillahi, kofia iko juu ya mbingu. Akifika "Iyyaka naabudu", ambayo iko katikati, anaiondoa. Akisema "Amin" anafunika. Siku ya mawingu alisoma mbili. Alisoma moyoni, midomo ikicheza, na ole wako umsemeshe.

Kwa muda mrefu namna hiyo, kitu kinachotembea hakishiki kwenye kioo. Mtu akikatiza, anapotea kabisa, kama hakuzaliwa. Siku moja mzee mmoja wa Kawangware alileta ng'ombe wake kunywa maji tukiwa tunapiga, na tulipomwonyesha picha baadaye, ng'ombe alikuwa na miguu minne na kiwiliwili kizuri, lakini hana kichwa, maana alikuwa anakichezesha akifukuza nzi. Yule mzee alishika mdomo. "Ngai! Mmekata ng'ombe yangu kichwa!" Alienda nyumbani mbio kuhakikisha. Nilicheka wiki nzima, lakini tangu hapo nilikuwa najiuliza kila nikitazama picha ya mahali patupu: hapa walipita wangapi ambao hawakusimama?

Ndipo ikaja habari ya bwawa. Watu wa maji walikuwa wakijenga ukuta kule chini, na mvua zikianza, mto ungerudi nyuma na kujaza bonde. Wengi tulikwenda kuutazama ule ukuta kama watu wanaotazama sarakasi. Mimi nilitaka kujua maji yataanza kupanda wapi, yatafika saa ngapi, samaki watatoka wapi. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Aliyewaza alikuwa Haboba Zenabu. Haboba ni nyanya kwa Kinubi chetu. Hakuwa nyanya yangu wa damu, lakini mtaa mzima tulimwita hivyo. Alikuwa mwembamba, mkali, anasuka vifuniko vya chakula vya rangi mpaka watu wa mjini wanavifuata, na hakupenda kazi yetu hata kidogo. Kila akipita dirishani kwetu alisema, "Endeleeni tu. Siku ya kiama mtaambiwa mzipulizie roho hizo sura, tuone mtapata wapi pumzi." Harusi zote za Makina alihudhuria, na hakuna picha hata moja ambayo yumo. Akiona miguu mitatu inasimamishwa, anahama upande.

Basi ufikirieni mshangao wangu alipoingia studio akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Yusufu, hii sanduku yako inaweza kupiga mtoni?"

"Inaweza, Haboba."

"Inaweza kupiga mahali fulani, ili maji ikishafunika mtu ajue ni wapi?"

Nikamuuliza ni mahali gani. Akakunja ncha ya shuka lake, akaikunjua, akaikunja tena. Ndipo akasema. Alipoolewa, walikaa kule chini ukingoni kabla watu hawajapanda huku juu. Alizaa mtoto wa kike, mtoto hakumaliza siku arobaini. Walimzika pale pale karibu na nyumba, kaburi dogo, bila jiwe, kama desturi. Mume alikufa, nyumba ikaanguka, wenzake waliojua wakafa mmoja mmoja. Miaka yote hiyo yeye alikuwa akishuka Ijumaa kana kwamba anachuma mboga, anamsomea mtoto wake, anapanda.

"Shehe amesema naweza kumtoa," akasema. "Lakini nitatoa nini, Yusufu? Mtoto wa kiganja, miaka hii yote. Imebaki udongo. Si kumtoa ndo nataka. Nataka tu nijue niangalie wapi."

Niliona aibu kwa kucheka kwangu kote kuhusu samaki. Mzee Rihani, aliyekuwa nyuma ya pazia anasafisha picha, alitoka na mikono yake yenye dawa, akasema neno moja tu: "Tutapiga."

Lakini namna gani? Hilo lilitunyima usingizi, na nikiri kwamba lilinifurahisha pia, kwa sababu lilikuwa fumbo zuri. Picha ya kaburi lenyewe ingemsaidia nini, kaburi likiwa chini ya maji? Miti ingekatwa au kuzama. Nyumba hubomolewa. Tulihitaji kitu ambacho hakiliwi na shoka wala maji. Tukakumbuka milima. Kati ya vilele vya Ngong kuna mahali pamebonyea wazi, kama nafasi kati ya vifundo viwili. Ukisimama juu kwenye jiwe moja la mteremko wa kwetu, ukalitazama kaburi, liko karibu chini ya pengo lile. Ukisogea kidogo kulia, linakuwa chini yake sawasawa. Basi piga picha kutoka hapo, weka alama miguu ya kamera iliposimama, na kila atakayesimama hapo akitazama lile pengo atakuwa anatazama kaburi, maji yawepo au yasiwepo. Umbali hatungejua, ila upande tungeujua.

"Dua haipimwi kwa futi," Haboba alisema tulipomweleza. "Upande inatosha."

Mimi na Haboba tulikwenda mara ya kwanza katika kumi la mwisho la Ramadhani. Mzee Rihani alikuwa na homa, akanipa kazi niifanye mwenyewe, pamoja na kofia yake. Vioo vilikuwa vimeadimika madukani, watu wamehamia filamu. Tulikuwa na viwili tu vizuri. Nilisimamisha kamera, nikachomeka fimbo nyeupe pale Haboba aliponionyesha, nikafungua lenzi, nikasoma, nikafunika. Nikarudi nikiwa na kiburi cha jogoo.

Kioo kilipotoka kwenye dawa na picha yake kuhamishiwa karatasi, milima ilikuwepo safi, na pengo lake. Chini ya milima hakukuwa na kitu. Hakuna mto, hakuna fimbo, giza tupu kama kisima.

Mzee aliiinua ile karatasi kwenye mwanga wa dirisha. "Umesoma nini?"

"Fatiha."

"Ya nani?"

Sikuelewa swali. Akaniambia nisome kwa sauti, kama nilivyosoma kule. Nikasoma. Nikasikia mwenyewe. Mwezi ule mzima usiku tulikuwa tunaswalishwa tarawehe na imamu mmoja hodari wa mbio, anayemaliza Fatiha kabla wa nyuma hajafunga mikono, na ulimi wangu ulikuwa umeshazoea mwendo wake. Nilikuwa nimelipiga bonde kwa Fatiha ya mtu anayewahi kwenda kulala. Mzee alicheka mpaka homa ikamtoka jasho. Mimi sikucheka. Kulibaki kioo kimoja.

Na hapo mvua zikaja kwa nguvu. Milima ikajifunika, ikakataa kuonekana. Kila alfajiri nilitoka nje kutazama Ngong, naona blanketi la kijivu. Maji yalianza kulala nyuma ya ukuta, kwanza kama dimbwi, kisha yakajinyoosha yakiingia kwenye mahindi. Nilikuwa nashuka kila jioni kuona yamefika wapi. Nilikuwa nimetaka kujua maji hupandaje, sasa nikajua: hupanda bila kelele, jani moja baada ya jani. Fimbo yangu nyeupe mtu aliichukua, labda kwa kuni. Haboba hakunilaumu. Kila nikikutana naye aliuliza, "Milima?" nami natikisa kichwa.

Siku ilipotakata, Idi ilikuwa imepita juzi tu, hewa ina harufu ya udongo. Nikamgongea Haboba mlango. Alikuwa ameshavaa. Sijui aliamka mara ngapi alfajiri zile na kuvaa bure.

Maji yalikuwa karibu sana na kaburi, yanang'aa kwenye nyasi. Nikamwambia nitachonga fimbo nyingine. Akasema, "Fimbo ya nini? Mimi nitasimama."

"Haboba, utakuwa kwenye picha."

"Nitageuka. Mgongo haina macho. Hakuna mtu ataambiwa apulizie mgongo roho."

Nikamweleza habari ya ng'ombe wa Kawangware, kwamba akitikisika atapotea. Akaniuliza ni muda gani. Nikasema, urefu wa Fatiha, nasoma mimi.

"Wewe?" akasema. "Rihani ameniambia vile unasoma. Leo nitasoma mimi. Wewe sikiliza tu."

Nikapanda hadi kwenye jiwe, nikajifunika shuka. Mle ndani alikuwa amening'inia kichwa chini, mdogo, mweupe, maji yakiwa juu yake kama mbingu nyingine. Nilisogeza miguu ya kamera kidogo kidogo mpaka kichwa chake kikaja sawasawa na pengo la milima. Nikachomeka kioo. Nikashika kofia. Nikapiga mluzi, ndiyo ishara tuliyoagana.

Asubuhi ile hakukuwa na upepo na bonde lilibeba sauti. Nilimsikia anaanza Bismillahi, nikafungua. Alisoma polepole, neno moja linasubiri jingine, kama mtu anayemfundisha mtoto. Nilikuwa natikisa kofia juu ya mbingu na sikioni mwangu hakuna kingine. Akafika "Iyyaka naabudu". Nikaondoa kofia. Na hapo akanyamaza.

Nilikuwa nimesimama na kofia mkononi, lenzi wazi, mwanga unaingia, kioo cha mwisho kinaungua, nisijue la kufanya. Nifunike? Aliniambia nisikilize. Niliona mabega yake hayasogei. Nilitaka kulia na nilitaka kupiga kelele. Nikairudisha kofia juu ya mbingu, ili milima isipotee, nikasubiri. Halafu sauti ikarudi, imekwaruza, ikaendelea mpaka mwisho. "Amin," alisema. Nikafunika, nami nikasema amin.

Mzee Rihani ndiye aliyekisafisha kile kioo, kisha akakihamishia kwenye karatasi. Milima ikaja kwanza. Kisha bonde, kivuli chote kikiwa kimefunguka, mto na pindo lake unavyoukwepa mwamba, kila jani la nyasi, mstari wa maji. Kama angesoma bila kusita, kule chini kungekuwa kweusi. Ule ukimya wake ndio uliolipa bonde mwanga. Na katikati mgongo wa mwanamke, umesimama imara kuliko miti.

Nimepiga picha maisha yangu yote baada ya hiyo, na sijapata iliyoipita. Mzee alinishika bega, akasema hana la kunifundisha tena. Nilifurahi, na nilisikia huzuni pia, kwa sababu nilijua anamaanisha pia kwamba nguvu zake mwenyewe zinakwisha.

Tulirudi jiweni, mimi na Haboba, bonde likiwa limeshakuwa ziwa. Nilikuwa nimechonga vishimo vitatu pale ilipokuwa miguu ya kamera. Bado vipo, nyuma ya nyumba ya mabati ya bluu. Mwenye nyumba huanika nguo juu ya jiwe lile na ananijua, mkitaka kwenda mseme mmetumwa na Yusufu. Haboba alisimama kwenye vishimo. Hakutazama picha kwa kuistaajabia, wala hakujitafuta. Aliinyanyua mbele ya macho, akailinganisha na pengo la milima, kisha akaishusha polepole.

"Kumbe nimekuwa nikisomea kule," akasema, akionyesha kushoto. Siku zote zile tangu maji yafunike alikuwa amesimama huku juu akiomba kwa kukisia, na alikuwa amekosea.

Akageuka kidogo kulia. Akasimama vile vile alivyosimama kwenye picha, safari hii nikiwa naye upande mmoja. Nilidhani ataanza Fatiha. Badala yake aliita jina, kwa sauti ya mama anayemwita mtoto aliye karibu, ambaye hana haja ya kupigiwa kelele. Miaka yote ile hakuna mtu Kibra aliyewahi kulisikia.

"Mariamu," alisema. "Nimekuona."